Nihamie 5G, au tatizo langu liko kwingine?

SWALI

Kaka Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mchana niko shuleni, jioni nawafundisha wanafunzi wa masomo ya ziada kwa njia ya video nikiwa nyumbani. Nakaa sebuleni na kompyuta mpakato ile ile ninayokwenda nayo shuleni, na intaneti naipata kwa kuwasha hotspoti ya simu yangu ya 4G. Simu hii nimekaa nayo miaka kadhaa na sina ugomvi nayo. Kioo kizima, betri inanifikisha usiku, na kila mwezi bado inapokea masasisho.

Tatizo ni hayo masomo ya jioni. Naanza saa moja. Dakika chache mambo yanakwenda, halafu nasikia, “Mwalimu umeganda.” Mwingine, “Mwalimu sauti inakatika.” Naandika hatua ya mlinganyo kwenye ubao wa skrini, wao inawafikia mimi nikiwa nimeshasonga mbele hatua mbili. Cha ajabu, mimi huku nawaona na kuwasikia vizuri kabisa. Mwanzoni nilidhani mtandao mbaya ni wa kwao, lakini haiwezekani wote wakwame kwa pamoja kila jioni. Mwisho wa wiki huwa nafundisha asubuhi, na hapo hakuna anayelalamika. Simu nayo inaonyesha mistari ya mtandao imejaa, iwe asubuhi au jioni.

Mdogo wangu anasema dawa ni moja tu: ninunue simu ya 5G kama yake. Ramani ya kampuni ya simu inaonyesha mtaa wetu umeshafikiwa. Nilipokwenda kuuliza dukani, muuzaji aliniambia 4G inazimwa karibuni na simu yangu itabaki pambo. Hapo ndipo nilipopata hofu, maana akiba niliyonayo nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya kompyuta mpya, na siwezi kununua vyote viwili.

Juu ya hayo, mama yangu ninayeishi naye hataki kusikia habari ya 5G ndani ya nyumba. Aliambiwa mawimbi yake yanaleta maradhi. Yeye anatumia simu ndogo ya vitufe, ya 3G, ya kupiga na kupokea tu.

Wazazi wameanza kuuliza kama masomo yataendelea hivi. Naomba unisaidie: nihamie 5G, au nivumilie na 4G yangu?

Ni mimi, Mwalimu wa Jioni

JIBU

Dada Mwalimu, salama. Akiba yako usiiguse kwanza. Barua yako ina dalili tatu ambazo muuzaji na mdogo wako wameziruka, na ukizisoma pamoja zinaonyesha ugonjwa ulipo.

Ya kwanza na kubwa kuliko zote ni kwamba wewe unawaona vizuri, wao ndio hawakuoni. Maana yake data inayokuja kwako inafika bila shida. Inayokwama ni ile inayotoka kwako. Watu wakisifia kasi ya 5G wanazungumzia kupakua, yaani kupokea data, na mdogo wako naye bila shaka anakuonyesha jinsi filamu inavyoshuka upesi. Kazi yako wewe inategemea kupakia, yaani kutuma, na hilo ni jambo lenye kanuni zake.

Tuanze na kiasi unachohitaji, kwa sababu ni kidogo kuliko unavyotishwa. Miongozo ya Zoom inataja kama megabiti 1.2 kwa sekunde kwa mazungumzo ya watu wawili kwa video ya 720p, na ukipandisha hadi 1080p ni chini ya megabiti 4 za kupakia. 4G yenye afya inabeba hayo na chenji inabaki. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni kwa nini hiyo 4G yako ikifika saa moja jioni inashindwa mzigo mwepesi namna hiyo.

Dalili ya pili ni mistari iliyojaa. Mistari hiyo inapima jinsi simu yako inavyousikia mnara. Haipimi jinsi mnara unavyoisikia simu yako. Wewe ni mwalimu, utanielewa haraka: mwenye kipaza sauti anasikika hadi dawati la mwisho, lakini mtoto wa nyuma akijibu kwa sauti yake ya kawaida hasikiki mbele. Mnara unarusha kwa makumi ya wati. Simu ya 4G kwa kawaida mwisho wake ni kama miliwati 200, yaani sehemu ya tano ya wati moja, na nguvu hiyo ndogo ndiyo inapaswa kupenya ukuta wa sebule yako na kuvuka mapaa ya jirani. Mistari inaweza kujaa huku sauti yako inafika mnarani imechoka.

Ya tatu ni saa. Asubuhi safi, jioni mbovu. Hapo nina washukiwa wawili, na itabidi tuwatenganishe kabla hujatoa hata senti.

Mshukiwa wa kwanza ni msongamano. Watu wote walio chini ya mnara mmoja wanagawana masafa yale yale. Chaneli moja ya 4G haizidi upana wa megahezi 20, ingawa kampuni zinaweza kuunganisha chaneli kadhaa. Saa moja jioni mtaa mzima umerudi nyumbani na kila mmoja anaangalia kitu chake. Kama hili ndilo tatizo, 5G inaweza kukusaidia kweli, nitaeleza.

Mshukiwa wa pili yuko mezani kwako. Umesema kompyuta ni ile ile unayokwenda nayo shuleni. Inarudi jioni na kazi za mchana kutwa, picha za daftari, video, mitihani uliyoskani. Ukiwasha hotspoti, yenyewe inaona Wi-Fi tu, haijui kwamba nyuma yake kuna bando la simu. Basi inaanza kupandisha mafaili yote kwenye hifadhi ya mtandaoni wakati ule ule unapoanza somo. Mwisho wa wiki asubuhi hakuna mapya ya kupandisha, na somo linakwenda vizuri. Naona uwezekano huu ni mkubwa, na dawa yake haina gharama. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kompyuta, itie hotspoti yako alama kwamba ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Windows na Mac zote zina sehemu hiyo, na Mac inaiita hali ya data kidogo. Kisha simamisha kabisa programu ya kuhifadhi mafaili hadi somo liishe. Kwenye simu nako, zima kupandisha picha kwa saa hizo.

Kuna jambo jingine dogo la kuangalia hapo hapo. Hotspoti nyingi huwashwa kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo jioni yanakuwa yamejaa Wi-Fi za majirani, Bluetooth na hata tanuri la maikrowevu. Kama simu na kompyuta zako zinakubali, hamishia hotspoti kwenye gigahezi 5. Hiyo 5 haihusiani na 5G, ni masafa ya Wi-Fi tu. Au achana na Wi-Fi kabisa: chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na simu uiweke dirishani upande unaotazama mnara, waya ukiwa mrefu wa kutosha. Hatua hiyo ya kuhamisha simu kutoka mezani kwenda dirishani inaondoa ukuta mzima kwenye njia ya sauti yako. Nimewaona watu waliokwishakata tamaa na mtandao wao wakipona kwa hilo peke yake.

Ukishafanya hayo na bado wanafunzi wanasema umeganda, sasa tuzungumze habari za 5G, na tuizungumze ilivyo.

Simu za mkononi zimebadilisha kizazi (ndiyo hiyo G) karibu kila miaka kumi. Mtandao wa kwanza wa kibiashara wa simu hizi ulianza Japani mwaka 1979, 2G ya mfumo wa GSM ikaanza Ufini mwaka 1991, 3G ikaanza tena Japani mwaka 2001, 4G ikaanza Stockholm na Oslo mwishoni mwa 2009, na 5G ikaingia sokoni kwa simu za watu wa kawaida mwezi Aprili 2019, Korea Kusini na Marekani zikifukuzana kwa saa chache. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliweka viwango ambavyo kizazi hiki kinapaswa kuvifikia: kilele cha gigabiti 20 kwa sekunde kwa kupakua, na kwa mtumiaji wa kawaida mjini megabiti 100 za kupakua na 50 za kupakia. Zile gigabiti 20 ni za maabara, zisikutoe usingizini. Namba ya kushika ni ya mwisho, 50 za kupakia, ukikumbuka kwamba ni lengo la mtandao uliojengwa vizuri. Si ahadi ya kila nyumba.

Nguvu ya 5G inatokana zaidi na nafasi. Kwenye masafa ya katikati, yaliyo karibu na gigahezi 3.5, chaneli moja inaweza kuwa na upana wa megahezi 100, yaani mara tano ya chaneli ya 4G. Antena zake nazo zinaweza kuelekeza mawimbi kwa mtumiaji mmoja mmoja badala ya kuyamwaga mtaa mzima. Ndiyo maana nilisema, kama tatizo lako ni msongamano wa jioni, 5G ni msaada wa kweli, hasa sasa ambapo wengi bado wako kwenye 4G na njia mpya ina nafasi.

Lakini kwa kupakia, habari inageuka kidogo, na hapa ndipo ningependa utulie.

Masafa ya juu hayapendi kuta. Gigahezi 3.5 inayofika vizuri barabarani inaweza kuingia sebuleni imedhoofika sana, na simu yako yenye nguvu yake ile ndogo ndiyo inayoumia zaidi katika kurudisha. Tena, kwenye masafa hayo kutuma na kupokea hupokezana kwenye chaneli moja, na kampuni nyingi zinatoa sehemu kubwa ya muda kwa kupakua kwa sababu ndicho wateja wengi wanachotaka. Anayepakia anapata vipande vilivyobaki. Halafu kuna suala la jinsi mtandao ulivyojengwa. Kampuni nyingi zilianza 5G kwa kuiegemeza juu ya 4G. Simu inajiunga na 4G kwanza, kisha inaongezewa 5G juu yake. Katika mpangilio huo, ukiwa mahali ambapo mawimbi ya 5G ni hafifu, unachopakia huenda kikaendelea kupita kwenye 4G ile ile iliyojaa, huku kwenye kioo kumeandikwa 5G. Ipo 5G iliyojengwa ikajitegemea, na inaendelea kuenea, ila si kila mahali imefika na si kila simu inaikubali.

Kampuni nyingine huweka 5G kwenye masafa ya chini, kama megahezi 700. Hayo yanapenya kuta vizuri na yanafika mbali, lakini chaneli zake ni nyembamba, kwa hiyo kasi yake haiachani sana na 4G nzuri.

Maandishi ya juu ya kioo nayo usiyape uzito mkubwa. Mwaka 2019 AT&T ya Marekani ilianza kuonyesha “5G E” kwenye simu zilizokuwa zinatumia 4G iliyoboreshwa. Wapinzani wake wakalalamika kwenye chombo cha kusimamia matangazo, na mwaka 2020 ikakubali kuacha kuitumia lebo hiyo katika matangazo. Ramani ya kampuni yako pia inachora mahali mawimbi yanapotarajiwa kufika nje ya nyumba. Sebule yako haimo kwenye hesabu hiyo.

Kwa sababu hizo sitakupa jibu la kubahatisha, na wewe usikubali kupewa na mwingine. Una mdogo wako mwenye simu ya 5G. Mwombe aje nayo jioni moja. Kaeni pale pale unapofundishia, saa ile ile ya moja, siku ya kazi. Kama laini zenu si za kampuni moja, muombe uweke laini yako kwenye simu yake, na hakikisha bando lako linaruhusu 5G, maana kampuni nyingine hutenga vifurushi. Fungua fast.com, tovuti ya kupima kasi ya intaneti, kwenye kivinjari. Matokeo yakitoka, bonyeza sehemu ya maelezo zaidi. Itakuonyesha kasi ya kupakia, na itakuonyesha ucheleweshaji, yaani muda data inaochukua kwenda na kurudi, mtandao ukiwa hauna mzigo na ukiwa na mzigo. Namba hii ya pili ya ucheleweshaji ndiyo inayoeleza kuganda kwako kuliko nyingine yoyote. Ikiwa tulivu bila mzigo halafu inaruka hadi mamia ya milisekunde mzigo ukiingia, hapo ndipo wanafunzi wanapoona hatua ya kwanza wewe ukiwa ya tatu.

Pima mara kadhaa, usitosheke na moja. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: ingia kwenye mipangilio ya simu ya mdogo wako, chagua 4G peke yake, na upime tena hapo hapo. Simu mpya huwa na antena na modemu bora hata kwenye 4G. Bila kipimo hiki unaweza kuisifia 5G kwa kazi iliyofanywa na simu yenyewe.

Ukiona 4G yako inakupa megabiti 5 na zaidi za kupakia saa moja jioni, bila kuyumba, basi mtandao hauna kosa. Rudi kwenye kompyuta na mafaili yake. Ukiona 4G inakupa moja au mbili zinazopanda na kushuka, na 5G pale pale inakupa kumi au ishirini zilizotulia, basi mdogo wako ana hoja na mimi niko upande wake. Na kama zote mbili ni mbovu, simu ya 5G itakula akiba yako na wazazi wataendelea kulalamika.

Hata pale 5G itakaposhinda, sidhani kwamba unahitaji simu mpya. Simu yako ni nzima na bado inapokea masasisho ya usalama. Siku masasisho hayo yatakapokoma ndiyo siku ya kuibadilisha, na siku hiyo nunua ya 5G bila kusita kwa sababu utakaa nayo miaka mingi. Wewe tatizo lako ni la mezani, na kifaa cha mezani ni ruta ya 5G, yaani kisanduku cha kugawa intaneti kinachotumia laini ya simu, inayokaa dirishani, ina antena kubwa kuliko za simu, haichoshi betri ya mtu, na haikatiki pale mtu anapokupigia katikati ya somo. Linganisha bei yake na ya simu kabla hujaamua. Na kama mtaani kwenu kuna faiba, yaani intaneti ya waya, inayoweza kuvutwa hadi nyumbani, acha mjadala wote huu, vuta faiba. Kwa mtu anayefundisha kwa video kila siku, hakuna kizazi cha simu kinachoifikia kwa utulivu wa kupakia.

Ukinunua kifaa chochote cha 5G, kiwe simu au ruta, uliza kampuni yako inatumia bendi zipi, yaani mafungu yapi ya masafa, kisha zitafute kwenye karatasi ya sifa za kifaa. Bendi za 5G zinaandikwa kwa herufi n na namba: n78 ndiyo ile ya karibu na gigahezi 3.5, n28 ni ya megahezi 700, n41 ni ya gigahezi 2.5. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la nchi nyingine kinaweza kuwa cha 5G kweli na kisishike 5G ya kwenu hata siku moja. Uliza pia kama kinakubali 5G inayojitegemea, kwa sababu huko ndiko mitandao inakoelekea.

Jiandae pia kwa bando. Gigabaiti moja ni ile ile kwenye kizazi chochote, lakini programu zikiona njia pana zinajichagulia picha safi zaidi. Netflix wanakadiria gigabaiti 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, hadi 3 kwa HD, na hadi 7 kwa 4K. Weka kiwango cha video mwenyewe kwenye kila programu, usiiachie.

Sasa hofu uliyotiwa dukani. Mitandao inayozimwa ni ya 3G, na mahali pengine 2G. Ujerumani ilizima 3G mwaka 2021, kampuni kubwa za Marekani zikafanya hivyo ndani ya 2022, Australia ikamaliza 2024. Wanaizima ili masafa yake yatumike kwa 4G na 5G. Na kama nilivyokueleza, 5G nyingi imesimama juu ya 4G. Anayeizima 4G leo anaiangusha na 5G yake. Huyo muuzaji hakukutendea haki, na inaniudhi kuona mwalimu anatishwa ili atoe akiba yake.

Simu iliyo hatarini ndani ya nyumba yenu ni ya mama. Siku 3G ikizimwa, simu yake, kama haina 2G ya kurudia au 2G nayo imeondoka, haitapiga wala kupokea, hata namba ya dharura. Piga kampuni yake uulize kama wametangaza tarehe. Zipo simu ndogo za vitufe za 4G zinazofanana na yake. Sharti moja tu: ziwe na VoLTE, yaani uwezo wa kupitisha sauti kwenye 4G yenyewe, na kampuni yake iwe imeukubali kwa aina hiyo ya simu. 4G ilijengwa kwa ajili ya data, na simu isiyo na VoLTE hurudi kwenye 3G au 2G kila inapopigwa. Hakikisha hata yako wewe VoLTE imewashwa.

Kuhusu hofu yake, mweleze kwa heshima, maana hakuitunga yeye. Mwaka 2020 uvumi uliounganisha 5G na korona ulienea hadi minara ikachomwa moto Uingereza. Mawimbi ya 5G ni ya redio, familia moja na ya televisheni na ya hiyo simu yake. Hayana nishati ya kuvunja chembechembe za mwili. Uwezo huo unaanzia juu kabisa, kwenye urujuanimno na eksirei, na hata mwanga wa taa ya sebuleni una masafa ya juu kuliko 5G. Kinachojulikana ni kwamba mawimbi ya redio yakiwa na nguvu kubwa yanapasha mwili joto, na mipaka ya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, iliyohuishwa 2020, imewekwa chini sana ya hapo. Usimfiche kwamba mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu ambavyo “huenda” vikasababisha saratani. Uamuzi huo ulitoka kabla 5G haijaanza, na ulihusu mawimbi ya redio yote kwa jumla, ya simu yake yamo. Na mwambie hili pia, kwamba simu inapousikia mnara vizuri hupunguza nguvu ya kurusha, na inapokuwa mbali huongeza. Kama bado hana raha, ruta ikae dirishani mbali na anapolala, na usiku izimwe.

Kwa wiki hii, basi, simamisha mafaili, chomeka waya, simu iende dirishani, ufundishe jioni zako kama kawaida na uwaulize wanafunzi. Hatua hizo zikishindwa, mwite mdogo wako mpime. Niandikie namba za kupakia na za ucheleweshaji kwa 4G na kwa 5G, pamoja na bendi za kampuni yako, nami nitakuambia kama ruta inafaa na ya aina gani. Hadi hapo, akiba ni ya kompyuta.